Kona ya Bluu

Simu zilikuja Jumanne, mara nyingine Jumatano, na pambano lilikuwa Jumamosi. Namba ilianza na 260, ya Zambia. Mtu wa upande wa pili hakuwa na muda wa salamu. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Sasa hivi una kilo ngapi?" Nikisikia hivyo nilishajua yote yaliyobaki. Bondia aliyepangwa ameumia, au amekataa, au ametaja bei ambayo promota hana. Tiketi zimeshauzwa. Na kuna mtu amesema: yuko mmoja Tunduma, hapo bodani, hati yake ya kusafiria bado hai, hana maneno mengi.

Nilizipokea simu hizo kwa miaka kumi na miwili. Nilipigana ngumi za kulipwa kuanzia 2007 hadi 2019, katika uzito wa kilo 61. Nilipanda ulingoni mara 34: nikashinda 11, nikatoka sare 3, nikapigwa 20. Ya nyumbani, Mbeya na Vwawa na hapa Tunduma, mengi nilishinda. Ya ng'ambo, Lusaka, Kitwe, Ndola, Blantyre, nilishinda moja tu. Kwenye BoxRec, ule mtandao wa rekodi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2000 na ambao bondia anaufungua baada ya pambano kama mwanafunzi anavyokimbilia ubao wa matokeo, nafasi yangu ya juu kabisa ilikuwa ya mia sita na ushee duniani. Nilipoacha nilikuwa nimeshuka kupita elfu moja.

Bingwa akitangazwa kwamba ana mapambano 20 na hajapoteza hata moja, ndani ya hiyo 20 wamo watu. Walipanda basi, walijinyima maji, walivua viatu wakasimama kwenye mizani, wakapigwa, wakarudi kwao. Mimi nilikuwa mmoja wao. Bondia wa nyumbani hukaa kona nyekundu, mgeni hukaa kona ya bluu. Habari za kona nyekundu zimeandikwa sana. Za kona ya bluu nimezisikia zikisimuliwa ndani ya mabasi tu, usiku, na watu wenye macho yaliyovimba.

Nilianza mazoezi nikiwa na miaka kumi na minane, katika gereji moja kando ya barabara iendayo Sumbawanga. Kocha alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyepigana ngumi za ridhaa ujanani, na wakati huo akilinda maghala ya mahindi usiku. Begi letu lilikuwa gunia lililoshindiliwa matambara na maranda ya mbao, limening'inia kwenye boriti ya kunyanyulia injini. Glovu zilikuwa pea mbili kwa vijana kumi na mmoja. Ulivaa zikiwa bado na joto na jasho la mwenzako. Kocha hakupenda hadithi, lakini mbili alizirudia: ya Michael Yombayomba, aliyeleta dhahabu nyumbani kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Kuala Lumpur mwaka 1998, na ya Lottie Mwale wa Zambia, ambaye kwa watu wa mpakani hakuwa mgeni hata kidogo. Kwa Kocha, Nakonde na Tunduma ni mji mmoja uliopigwa mstari katikati. Alisema Mwale ni wetu nusu.

Alfajiri tulikimbia kando ya foleni ya malori. Mtu asiyeijua Tunduma hawezi kuelewa foleni hiyo. Siku za kawaida ilianzia bodani ikafika Mpemba. Siku mbaya ilizidi hapo. Malori yenye mafuta, saruji, salfa ya migodini, yote yakielekea Zambia na Kongo, na madereva wamelala hapo siku tatu, siku nne, wakipika ugali chini ya matela. Walikuwa watazamaji wetu wa kwanza. Utingo mmoja akitangulia kupiga honi, foleni nzima inapokea. Baadaye, nilipoanza kwenda ng'ambo kupigana, madereva haohao ndio walionipa lifti hadi Kapiri Mposhi bila kunidai senti, na walioniuliza matokeo kabla mama yangu hajaniuliza. Nadhani walituelewa kwa sababu kazi yao na yetu zinafanana: uko mbali na nyumbani, uko peke yako, na mzigo si wako.

Nieleze safari moja, kwa kuwa nyingine zote zilikuwa na umbo lilelile.

Desemba 2012, Kitwe, raundi nane. Simu ilikuja Jumanne asubuhi nikiwa ghalani napakia mahindi. Nilikuwa na kilo 64. Alhamisi alfajiri nilivuka Nakonde na begi dogo: bukta, kinga ya meno, bandeji, viatu vya kuazima, kadi ya njano. Kocha hakuja, kwa sababu promota alilipa nauli ya mtu mmoja. Alikuwa analipa ya mtu mmoja kila mara. Isoka, Chinsali, Mpika, Serenje: njia nzima nimevaa masweta mawili na koti la mvua, natafuna jojo na kutema mate kwenye chupa, kwa sababu kilo tatu hazitoki kwa sala. Abiria wa pembeni alidhani nina kifua kikuu akaomba kuhamishwa. Kapiri nilibadilisha basi, nikaingia Kitwe Ijumaa mchana midomo imepasuka, nikapima uzito kwenye ukumbi wa hoteli. Kilo 61 na gramu mia moja. Nilikunywa maji mpaka tumbo likauma.

Mpinzani wangu, au tuseme mimi mpinzani wake, alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja. Mapambano tisa, ushindi tisa. Picha yake ilikuwa ukutani kubwa kama mlango. Mimi kwenye bango hilo nilikuwa jina lisilo na picha, na chini yake wameandika: Dar es Salaam. Sijawahi kuishi Dar es Salaam. Ni kilomita zaidi ya mia tisa kutoka kwetu. Lakini Tunduma haiuzi tiketi. Songwe wakati huo haikuwa hata mkoa, ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na hata baada ya hapo watangazaji waliendelea kunipandisha ulingoni kama mtu wa Dar. Mwanzoni ilinikera. Baadaye nilikuja kuliona jambo hilo kwa uzito zaidi: kwa saa moja kila baada ya miezi kadhaa, nilikuwa napigwa kwa jina la mji usio wangu, na mji wangu haukuwa na habari.

Kwenye kona yangu waliniwekea mtu wa palepale. Alikuwa mtu mzuri, sina neno naye. Alishika ndoo vizuri, alijua kubana pua ikitoka damu. Lakini hakujua jina langu, na kabla ya raundi ya kwanza aliniambia kwa upole, kama anavyoambiwa mgonjwa, kwamba nikichoka nimwashirie tu.

Raundi ya pili niliona kitu. Yule kijana alikuwa akipiga jebu ya kushoto, kisha badala ya kuurudisha mkono kwenye kidevu anaudondosha kiunoni. Alifanya mara moja, nikadhani bahati. Alifanya tena. Mara ya tatu nikajua ni tabia, na tabia ya bondia ndiyo mlango wake. Mkono wangu wa kulia ndio mkono ambao Kocha aliuamini kuliko kitu chochote mwilini mwangu. Nilisubiri jebu. Ikaja. Mkono wake ukashuka. Kidevu kilikuwa wazi, karibu kiasi kwamba niliona nywele chache alizoshindwa kunyoa.

Sikupiga.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi bila kumwambia mtu, kwa hiyo niliseme polepole. Hakuna aliyenihonga. Hakuna aliyenifuata chumbani na bahasha. Wapo waliofuatwa, na mimi mwenyewe niliwahi kufuatwa mwaka mwingine nikakataa, lakini usiku ule wa Kitwe hapakuwa na mtu. Nilichokuwa nacho kichwani kilikuwa hesabu. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miezi minne. Nikimwangusha kijana huyu mbele ya watu wake, waliouza tiketi kwa jina lake watakuwa wamepata hasara, na habari zitasambaa kutoka Kitwe hadi Lusaka hadi Blantyre kwamba yule wa Tunduma ni hatari. Mpinzani hatari haitwi. Simu haitalia. Hesabu yote hiyo ilichukua muda mfupi kuliko jebu kurudi. Mkono ukabaki pale ulipokuwa. Nikamaliza raundi nane, nikapigwa kwa pointi, na yule mtu wa kona akanipongeza kwa dhati kabisa.

Nililipwa kwacha milioni mbili za zamani, karibu dola 400. Zambia ilikuwa inajiandaa kufuta sifuri tatu kwenye fedha yake, na kuanzia tarehe 1 Januari 2013 milioni mbili zangu zingeitwa elfu mbili. Mbadilisha fedha pale bodani alizigeuza noti mara mbili mbili kabla ya kunipa shilingi. Nikatoa fungu la wakala, nikalipa deni la viatu, nikampa mama sehemu yake. Alizihesabu, akaniangalia usoni, akaniambia, "Baba, wewe mwenyewe umebaki na nini?" Nikamwonyesha. Hakuwa anauliza juu ya hela.

Sasa, kuhusu zile namba za nafasi duniani. Julai 2022, nikiwa nimeshaacha ngumi, tulikuwa tumekaa na madereva kwenye mgahawa wenye televisheni, habari za michezo zikamwonyesha binti wa Kenya, Angella Okutoyi, ametwaa ubingwa wa tenisi wa wasichana wa wawili wawili kule Wimbledon akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Mgahawa mzima ulishangilia mchezo ambao hapa kwetu sijui kama kuna mtu mwenye raketi yake. Tangu siku hiyo nikaanza kuisoma tenisi, na nikakuta humo watu wa hali yangu.

Kwenye mashindano makubwa ya tenisi wanaingia wachezaji 128. Kati yao 104 wanaingia kwa nafasi zao kwenye orodha ya dunia, 16 wanapitia mchujo, 8 wanapewa mwaliko. Mwaka 2024, aliyetolewa raundi ya kwanza kabisa Wimbledon aliondoka na pauni 60,000. Lakini mwenye nafasi ya 300 hayumo humo. Yeye yuko kwenye mji mdogo ambao hakuwahi kuusikia, kwenye mashindano madogo, mara nyingine yale ambayo zawadi yote, ya wachezaji wote kwa pamoja, ni dola 15,000, na bingwa wake anapata kama dola 2,000. Anajilipia nauli, analala chumba cha bei ya chini, akitolewa Jumanne anatafuta basi la kwenda mji mwingine. Na huyo ni wa 300 duniani! Fikiria watu wote wanaoshika raketi duniani: walio mbele yake ni 299 tu. Mkenya Paul Wekesa alifika nafasi ya 100 mwaka 1995. Ni wangapi kati yetu wanamjua? Tumezoea kudhani kwamba chini ya wale kumi wa juu wamebaki wavivu. Kumbe pale chini ndipo kazi inapofanyika kwa wingi zaidi na kwa malipo machache zaidi.

Hata hivyo kuna kitu kwenye tenisi nilichowaonea wivu. Nani atakutana na nani raundi ya kwanza, wanapiga kura. Wa 300 anaweza kupangiwa mtu mkubwa au mtu wa saizi yake. Ni bahati, na bahati haina mtoto wa nyumbani. Akishinda, amepanda, hakuna wa kumuuliza kwa nini. Katika ngumi, anayechagua mpinzani ni mtu aliyeweka hela zake kwa mmoja wenu. Anakuchagua kwa makini, kama mnunuzi wa gunia la mahindi anavyochoma bambo kupima: awe na uzoefu kiasi pambano lisiwe la aibu, awe amechoka kiasi asilete madhara. Nilikuwa na sifa zote hizo. Na kinachouma zaidi ni kwamba sifa hizo ukishazijua unaanza kuzitunza.

Mwaka 2016 nilipigwa nokauti Blantyre, raundi ya nne, ngumi ya ubavuni ikifuatiwa na ya sikioni. Sikumbuki kurudi hotelini. Nakumbuka nikiwa Karonga, basi limesimama, nashindwa kukumbuka neno la kitu kilichokuwa mkononi mwangu. Kilikuwa chupa. Bondia aliyepigwa nokauti hupumzishwa kisheria, wiki kadhaa asiguse ulingo, ubongo utulie. Wiki tatu baadaye nilipigana tena, nchi nyingine, kwa sababu niliulizwa kama niko fiti nikajibu niko fiti. Daktari wa usiku ule alinipima presha, akanimulika macho kwa tochi. Hakuulizia Blantyre, na mimi sikumwambia. Lawama yangu ni kubwa kuliko yake. Ila nasema: mtu mwenye njaa hapaswi kuwa ndiye shahidi pekee wa afya yake.

Kule Uingereza kuna kazi hii pia, na inaheshimika. Peter Buckley wa Birmingham alipigana mara 300, akapigwa mara 256, akaaga mwaka 2008 kwa kushinda pambano lake la mwisho mjini kwake. Nilimsoma Buckley kama wengine wanavyomsoma Muhammad Ali. Alijua kuzuia, alijua kushika, alijua kumaliza raundi bila kuumia, akarudi ulingoni baada ya siku chache. Ni ufundi wa kweli na naunyanyulia mikono. Lakini wenzetu wale hupigwa picha ya ubongo kila mwaka ndipo wapewe leseni. Ufundi wa Buckley ulikuwa na ukuta nyuma yake. Mimi nilijaribu kuishi maisha yake bila ukuta ule.

Na katika mji huohuo wa Birmingham, tarehe 8 Septemba 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga alipanda ulingoni kupambana na bondia wa nyumbani, Sam Eggington. Sisi tulioko kona ya bluu tuliijua hadithi ile kabla haijaandikwa: simu ya ghafla, mtu wa kuziba pengo, mgeni asiyejulikana, usiku ambao watu wamekuja kumtazama Amir Khan. Kila kitu kilikuwa kimepangwa kama safari yangu ya Kitwe, isipokuwa ukumbi ulikuwa mkubwa zaidi. Raundi ya pili Mwakinyo akamsambaratisha Eggington, refa akamaliza pambano.

Nilitazama video ile kwenye simu ya dereva mmoja, pale foleni, saa kumi na moja alfajiri. Niliitazama labda mara ishirini. Wengine walishangilia Tanzania, na mimi nilishangilia, lakini nilichokuwa nakitafuta kwenye kioo kile kidogo kilikuwa kitu kingine. Nilikuwa natafuta ile nukta ya kufanya hesabu. Nilitaka kuona kama na yeye alisita. Hakusita. Aliona mlango akaingia. Nikamrudishia dereva simu yake nikakimbia hadi Mpemba peke yangu.

Baada ya usiku ule vijana wengi nchini walianza kukubali simu za Jumanne kwa furaha, kila mmoja akiamini ndiye Mwakinyo wa pili. Nisingependa kumlaumu mtu kwa kuota. Lakini naona tulisoma nusu ya hadithi. Mwakinyo alikwenda akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mwenye nguvu zake, ambaye mkono wake haujafundishwa kungoja. Wengi tuliomfuata tulikuwa tumeshakaa kona ya bluu miaka saba, minane, na tulidhani kinachotakiwa ni kuamua.

Mimi niliamua. Machi 2019, Lusaka, raundi nane, kijana mwingine mwenye rekodi safi. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu. Safari hii nilijilipia nauli ya Kocha kutoka mfukoni mwangu, naye mzee wa watu akakaa kwenye basi kilomita elfu moja na magoti yake mabovu. Nilijiandaa wiki tano, kwa sababu kwa mara ya kwanza mkataba ulikuja mapema. Raundi ya nne mlango ukafunguka: kijana aliinama kushoto baada ya kupiga, kichwa kikabaki palepale nusu sekunde. Niliuona. Kocha aliuona, nikamsikia akipiga kelele. Nikaamrisha mkono.

Ulikwenda. Ulifika mahali ambapo kichwa kilikuwa kimeondoka.

Nikajaribu tena raundi ya tano, na ya sita. Kila mara mkono ulikuja kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini. Sikuwa nimezeeka kiasi hicho. Mazoezini nilikuwa naupiga ule mkono vizuri. Ila mbele ya watu, taa zimewaka, mgeni ugenini, mwili ulikuwa na kawaida yake, na kawaida hiyo niliijenga mwenyewe kuanzia Kitwe, pambano hadi pambano, bila mtu kunilazimisha. Nilipigwa kwa pointi. Kocha alinikata bandeji kimya kimya. Tukiwa Mpika, usiku, akaniambia, "Ulichelewa." Nikamjibu, "Miaka sita, mwalimu." Sikumweleza zaidi, naye hakuuliza. Alifariki mwaka uliofuata bila mimi kumweleza, na hilo ni jambo ninalolijutia kuliko mapambano yote 20 niliyopigwa.

Siku hizi mimi ninasimamia makuli kwenye ghala la mahindi. Jioni nipo kwenye gereji ileile, boriti ileile, begi sasa ni la dukani. Vijana ni kumi na wanne, wasichana watatu. Nafundisha jebu irudi kidevuni. Nafundisha pia jambo ambalo mimi sikufundishwa: tunapofanya sparingi, nikiona mtu ameona mlango akasita, nasimamisha saa. Namuuliza alikuwa anafikiria nini. Mara nyingi alikuwa anamhurumia mwenzake, na hiyo ni sawa, tunazungumza. Lakini kuna mmoja alinijibu, "Nilifikiri hatakubali tena kufanya sparingi na mimi." Nilikaa chini.

Mwaka jana, Jumanne, simu ya 260 ililia tena. Hawakunitaka mimi. Walimtaka kijana wangu mmoja, mapambano saba, yote kashinda, kilo 57. Pambano Jumamosi, Ndola, dola 400. Bei ya Kitwe ileile. Niliuliza mpinzani ni nani, nikauliza nauli ni za watu wangapi, nikasema tupeni wiki sita tutakuja wawili. Yule bwana alinijibu kwa heshima kwamba anaelewa, ila bango limeshatoka. Nilimweleza kijana kila kitu, na kiasi cha hela nikakitaja, kwa sababu zilikuwa zake kukataa wala si zangu. Alizunguka gereji mara mbili. Mama yake anauza nyanya Majengo na najua kodi yao ni ngapi. Nikamsimulia Kitwe. Ndiyo mara ya kwanza niliisimulia kwa sauti. Akaniuliza, "Ungempiga angeanguka?" Nikamwambia angeanguka. Akasema tusubiri hizo wiki sita.

Walipata mwingine. Wanapata siku zote. Alikuwa kijana wa Mbeya, simfahamu, nilimwona tu akishuka kwenye daladala Alhamisi akivuka na begi mgongoni, na kwa namna alivyofunga koti la mvua hadi kooni kwenye jua lile nilimtambua bila kuambiwa. Jumapili nilisoma matokeo: nokauti, raundi ya tatu.

Jumatatu niliomba ruhusa ghalani nikaenda bodani saa nne. Sikujua atapita saa ngapi. Malori yalikuwa yanaingia taratibu, wabadilisha fedha wamekaa na mafungu yao, na mimi nimesimama kwenye kivuli cha ukuta nikitazama kila uso unaotoka upande wa Nakonde. Alitokea saa nane na nusu. Jicho la kushoto limefunga. Alikuwa anatembea akigusa ukuta.

Nikamsalimia, nikampokea begi. Akadhani namtaka hela, akalishika. Nikamwambia mimi ni bondia mwenzake, wa hapa. Nikamuuliza kama kichwa kinauma, kama ametapika njiani, kama amelala usiku au alizimika. Alijibu mawili ya kwanza. La tatu alinitazama muda mrefu, akitafuta neno.

Tukachukua bajaji kwenda hospitali. Barabara ilikuwa imejaa na dereva alitaka kupitia nyuma, kwenye makorongo. Nikamwomba apite lami, polepole, asimtikise.